Kukusanya bunduki za Arisaka: mwongozo kamili wa kutambua vipande vya asili

Bunduki za ukoo wa Arisaka ndizo zilizobebwa na askari wa miguu wa Japani tangu vita vyao na Urusi vya mwaka 1904 hadi waliposalimu amri mwaka 1945. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikabiliana nazo mwaka 1944 katika bonde la Kabaw. Leo nyingi ziko Marekani, ambako askari waliorejea nyumbani walizibeba kama kumbukumbu ya vita. Nyingine ziko katika makumbusho na katika mikusanyo ya watu binafsi Ulaya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kununua moja, kuitathmini aliyorithi, au kuorodhesha zile zilizo chini ya uangalizi wake katika makumbusho.

Kuna jambo moja linalopaswa kueleweka kabla ya yote. Uhalisi wa bunduki ya Arisaka haupimwi kwa uzuri wake. Bunduki chafu, yenye alama za tupa na kitako kilichochongwa ovyo, inaweza kuwa kamili kama ilivyotoka kiwandani mwaka 1945, ilhali ile inayong'aa ikawa imekusanywa kutoka bunduki nne tofauti na kupakwa rangi upya. Kinachopimwa ni ulinganifu: je, vipande vyote vilitoka katika kiwanda kimoja, katika kipindi kimoja, na vilifungwa pamoja tangu mwanzo?

Hatua ya kwanza: sheria kabla ya pesa

Nchini Kenya umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili, bunduki ya kale inayoweza kufyatua risasi ni silaha, hata kama mwenye nayo anaiita pambo la ukutani. Asiye na kibali asinunue, asiagize, wala asipokee urithi wa namna hii kabla ya kuzungumza na mamlaka ya leseni. Kwa wasomaji walioko Marekani mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa sheria ya shirikisho ina kundi la silaha za kihistoria zenye umri wa zaidi ya miaka 50, lakini majimbo yana masharti yake. Katika nchi kadhaa za Ulaya njia ya kawaida ni kununua bunduki iliyozimwa kisheria. Hapo mnunuzi ajue kwamba kazi ya kuizima hukata au kuchomelea baadhi ya vipande, kwa hiyo bolti (chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu) na mtutu, ambavyo ndivyo vyenye ushahidi mwingi, huenda vimeharibiwa. Ajabu ni kwamba Japani kwenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1958 ya kudhibiti silaha za moto na panga, raia wa kawaida hawezi kukusanya bunduki hizi.

Kila unapoishika bunduki, fungua bolti na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na magazini ni tupu. Hili lifanyike kila mara, hata kama muuzaji amekwisha kulifanya mbele yako.

Hatua ya pili: ijue aina iliyo mbele yako

Juu ya kasha la mtambo, yaani kile chuma kinachopokea bolti na ambamo mtutu hufungwa kwa skrubu yake kubwa, huandikwa jina la aina kwa herufi tatu za Kijapani zilizopangwa kutoka juu kwenda chini. Ukiona 三八式, hiyo ni Aina ya 38. Ukiona 九九式, hiyo ni Aina ya 99. Namba 38 ni mwaka wa 38 wa utawala wa Mfalme Meiji, ambao ni 1905. Namba 99 inatokana na hesabu nyingine, ile ya kalenda ya kifalme, ambamo mwaka 1939 ulikuwa wa 2599.

Aina ya 38 ni kazi ya Nambu Kijirō, aliyeboresha bunduki ya Aina ya 30 ya Kanali Arisaka Nariakira iliyokubaliwa mwaka 1897. Inatumia risasi ya milimita 6.5, mtutu wake una urefu wa milimita 797, na bunduki nzima inakaribia mita 1.28. Ilitengenezwa pia kwa umbo fupi kwa ajili ya wapanda farasi na vikosi vya msaada, yenye mtutu wa milimita 487. Aina ya 44 ya mwaka 1911 ni fupi vilevile, ila ina singe inayokunjwa chini ya mtutu, na haifanani na nyingine yoyote katika kundi hili.

Aina ya 99 ilizaliwa baada ya mapigano ya China kuonyesha kwamba risasi ya milimita 6.5 ilikuwa nyepesi mno, na ikapewa risasi ya milimita 7.7. Zile za kwanza zilikuwa ndefu, zenye mtutu wa milimita 797, na zilitengenezwa na kiwanda cha Nagoya na kampuni ya Toyo Kogyo kwa idadi ndogo. Ndiyo maana zinatafutwa. Zilizobaki zote ni fupi, zenye mtutu wa milimita 657. Kama herufi zimefutika, tazama matundu ya kutolea gesi juu ya kasha: kwa kawaida Aina ya 38 ina mawili madogo, na Aina ya 99 ina moja kubwa.

Zipo nyingine zinazomkanganya mgeni. Bunduki ya Aina ya I ilitengenezwa Italia kwa ajili ya Japani, ikiwa na mtambo wa Carcano, bunduki ya Kiitaliano, ndani ya kitako kinachofanana na cha Aina ya 38. Haina ua la kifalme tangu mwanzo, kwa hiyo asije mtu akadhani limesagwa. Meksiko iliagiza Arisaka zenye nembo yake ya tai na risasi ya milimita 7. Siam (Thailand ya leo) nayo ilipata zake. Uingereza ilinunua Arisaka nyingi mwanzoni mwa vita vya kwanza vya dunia, na baadhi zikaishia mikononi mwa wapiganaji wa Kiarabu wa Hejazi, magharibi mwa Arabia. Bunduki ya namna hiyo ina historia yake kamili na haipaswi kupimwa kwa kipimo cha bunduki ya jeshi la Japani.

Hatua ya tatu: soma ua, kana na alama ya kiwanda

Juu ya herufi za aina, upande wa mtutu, pana ua la krisanthemumu lenye petali 16. Ni alama ya mfalme, na maana yake ni kwamba silaha ni mali yake. Baada ya Japani kusalimu amri maua mengi yalisagwa au kukwaruzwa kwa tupa ili alama hiyo isikabidhiwe kwa adui. Bunduki yenye ua kamili kwa hiyo mara nyingi ni ile iliyotwaliwa vitani au kuokotwa kabla ya kazi hiyo kufanyika, na bei yake hupanda. Mahali penye tofauti ya bei, walaghai hawakosi. Ua lililochongwa upya hugundulika ukiiweka bunduki kwenye mwanga wa pembeni: juu ya kasha panakuwa bapa badala ya kuwa mviringo, kwa kuwa chuma kiliondolewa kwanza, na mistari ya petali huwa na kina kisicho sawa. Pitisha ukucha polepole kutoka ubavuni mwa kasha kuelekea juu. Ukucha huusikia ubapa ambao jicho limeukosa.

Ua lililopigwa mihuri midogo ya duara pembeni yake, au kufunikwa na duara mbili, halikusagwa kwa ajili ya kusalimu amri. Hiyo ni dalili ya bunduki iliyostaafishwa na jeshi, mara nyingi ikapelekwa shuleni kwa mazoezi ya wanafunzi. Ni silaha halisi ya jeshi, na si kasoro hata kidogo.

Sasa geuza upande wa kushoto wa kasha. Hapo pana namba ya bunduki, na baada yake alama ya kiwanda. Kabla ya namba panaweza kuwa na herufi moja ya kana (herufi za silabi za Kijapani) ndani ya duara, nayo huonyesha mfululizo. Kila mfululizo ulikuwa na bunduki karibu 100,000, na kana zilifuata mpangilio wa kale wa iroha: イ, ロ, ハ, ニ, na kuendelea. Bunduki za Aina ya 38 za kiwanda cha Tokyo za awali hazina kana yoyote. Namba zake ziliendelea tu hadi kupita milioni 2.

Alama ya Tokyo ni duara nne zilizoshikana, picha ya risasi za mizinga za mviringo zilizopangwa na kutazamwa kutoka juu. Tetemeko kubwa la Kantō la mwaka 1923 liliharibu kiwanda hicho, na hatimaye kazi ikahamishiwa Kokura, ambako alama ileile iliendelea kutumika. Alama ya Nagoya ni duara lenye samaki wawili wa shachi, wale wa paa la ngome ya mji huo, waliochorwa kwa mkato kiasi kwamba asiyeambiwa huona mkunjo unaofanana na namba 8. Kiwanda cha Jinsen kilikuwa Korea, na cha Mukden kilikuwa Manchuria. Bunduki zao ni chache. Makampuni ya kiraia yaliyopewa kandarasi huongeza alama yao kando ya ile ya kiwanda kikuu kilichowasimamia. Toyo Kogyo, ambayo ndiyo Mazda ya leo, ilitengeneza mfululizo wa 30 hadi wa 35 wa Aina ya 99, na Kokura ilitengeneza wa 20 hadi wa 25. Ukijua mfululizo, unajua kiwanda na unakadiria kipindi. Na ukijua kipindi, unajua ni vipande gani vinavyostahili kuwepo.

Hatua ya nne: linganisha namba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi.

Anza na bolti. Ifungue, vuta kwa nje kizuizi kilicho ubavuni kushoto mwa kasha, kisha itoe kwa nyuma. Chini ya shina la mpini wa bolti hupigwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki. Kama kasha linasema 45271, bolti inapaswa kusema 271. Bolti zisizolingana ni nyingi kupita kiasi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: bunduki zilipokusanywa mwaka 1945 bolti mara nyingi zilitolewa na kuwekwa kando, na askari aliyeruhusiwa kuchukua kumbukumbu aliokota bunduki kwenye rundo moja na bolti kwenye rundo jingine. Kutolingana huko hakumaanishi udanganyifu, lakini kunapunguza thamani, na kwa anayefikiria kuifyatua kunaongeza hatari, kwa sababu ufungaji wa bolti ndani ya kasha ulipimwa kwa jozi moja.

Baada ya hapo fungua bolti yenyewe. Sukuma kwa kiganja kile kitufe kikubwa cha nyuma chenye mikwaruzo ya urembo, ambacho ndicho kifungio cha usalama, ukizungushe, na pini ya kufyatulia itoke pamoja na springi yake. Mtambo huu una vipande vichache mno, na ni moja ya sifa zake. Tafuta tarakimu kwenye pini ya kufyatulia, kwenye kitoa-ganda na kwenye kifungio cha usalama. Hapa viwanda vinatofautiana. Bunduki za Aina ya 99 za Nagoya kwa kawaida hubeba tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki hadi kwenye vipande vidogo. Bunduki za Tokyo za Aina ya 38 zina namba za kuunganishia, ambazo hazifanani na namba ya bunduki bali zinafanana zenyewe kwa zenyewe: pete za mtutu, kifuniko cha chini cha magazini na kilinzi cha kifyatulio vyote vikiwa na namba ileile ngeni. Wasiolijua hili hukataa bunduki kamili wakidhani imechanganywa, na mjuzi huinunua kwa bei ya hasara ya mwingine.

Kifuniko cha vumbi ni kile kibati chembamba kinachoteleza juu ya bolti. Kilikuwa na kelele na askari wengi walikitupa, kwa hiyo kipo kidogo na nakala zake za kisasa zipo nyingi. Kiangalie unene wake, rangi yake ikilinganishwa na chuma kingine, na kama kina namba. Kibati kisicho na alama yoyote, chenye weusi mpya usio na mikwaruzo mahali kinapokutana na reli zake, ni cha juzi.

Hatua ya tano: vipande vya nje na kipindi chake

Aina ya 99 ilianza ikiwa na mapambo mengi: mguu wa waya unaokunjwa chini ya mtutu, mabawa mawili kwenye kilengeo cha nyuma kwa ajili ya kulenga ndege, mdeki mrefu (ufito wa kusafishia mtutu) chini ya mbao, kifuniko cha vumbi, mtutu uliopakwa kromu ndani, na kibonye cha bolti chenye umbo la yai. Kadiri vita vilivyowaendea vibaya ndivyo vitu hivi vilivyoondolewa, mguu na mabawa vikitangulia. Mwishoni, mwaka 1944 na 1945, kilengeo cha nyuma kilikuwa tundu moja lisilosogea, kibonye cha bolti kikawa kipande cha silinda, bati la chini ya kitako likawa ubao uliopigiliwa misumari, na kromu ikatoweka.

Kwa hiyo usiulize kama bunduki ina mguu. Uliza kama ilistahili kuwa nao. Bunduki ya mfululizo wa awali isiyo na mguu imepungukiwa. Bunduki ya mwisho wa vita yenye mguu na mabawa imepambwa na mtu. Jambo hili huuzwa vibaya mara kwa mara, kwa sababu mnunuzi mpya hufurahia wingi wa vitu. Binafsi naziona zile mbovu za mwaka 1945 kuwa na maelezo mengi zaidi kuliko zile nzuri za mwaka 1940: kila alama ya tupa inaonyesha kazi ambayo kiwanda kiliamua kuiacha.

Mdeki hukosekana mara nyingi, na mara nyingi hubadilishwa na wa bunduki nyingine. Mdeki sahihi hushikwa na kishikizo cha mbele na hautoki ukivutwa tu. Singe ya Aina ya 30, yenye bapa la sentimita 40, huingia kwenye Aina ya 38 na Aina ya 99. Za awali zina ndoano kwenye kilinzi cha mkono, za baadaye kilinzi chake kimenyooka.

Kuhusu bunduki za walenga shabaha, yaani Aina ya 97 ya milimita 6.5 na ile ya Aina ya 99, ushauri wangu ni mfupi: zichukulie zote kuwa za bandia hadi zithibitike. Darubini yake hukaa pembeni kushoto, ilirekebishwa kiwandani kwa ajili ya bunduki moja tu, na mpini wa bolti umeinamishwa. Ni rahisi kutoboa kasha la bunduki ya kawaida na kukunja mpini kwa moto. Mpini uliokunjwa baadaye huonyesha rangi ya chuma iliyobadilika kwenye kona.

Hatua ya sita: mbao na rangi yake

Kitako cha Arisaka kimeunganishwa kwa vipande viwili vya mbao, cha juu na cha chini, kwa kiungo kinachopita kwa urefu. Watu wengi huuona mstari huo na kudhani kitako kimepasuka na kugundishwa. Hapana: ndivyo kilivyotengenezwa, ili kuokoa mbao na kukipa nguvu. Kitako cha kipande kimoja kwenye bunduki ya kawaida ya Aina ya 38 ndicho kinachopaswa kukutia shaka.

Rangi ya asili ni urushi, utomvu wa mti ulio katika jamii moja na mwembe na mkorosho. Ikiwa imekauka haina madhara kwa watu wengi, lakini ukiipiga msasa vumbi lake linaweza kuwasha ngozi kama yanavyowasha mafuta ya ganda la korosho bichi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutopiga msasa. Sababu kubwa zaidi ni kwamba msasa hufuta mihuri midogo ya wakaguzi na kulegeza kingo kali za mbao zinazopaswa kuinuka kidogo juu ya chuma. Mbao zilizo chini kuliko chuma, mahali zinapokutana na bati la kitako, zimepigwa msasa.

Hatua ya saba: mabadiliko ya baada ya vita na bunduki zisizo za kufyatua

Wakati wa vita vya Korea bunduki nyingi za Aina ya 99 zilipanuliwa chemba ili zitumie risasi ya Marekani ya .30-06. Utazitambua kwa kasha lililokatwa ufa mbele ili kupisha risasi ndefu zaidi. Nchini China nyingine zilibadilishwa kwa risasi za huko. Wawindaji wa Marekani nao walizifupisha na kuzipanua watakavyo. Bunduki ya Kijapani isifyatuliwe kamwe kabla fundi wa silaha mwenye vipimo hajaipima chemba, kwa kuwa maandishi ya juu hayakuambii kilichofanyika ndani.

Hatari zaidi ni bunduki za mazoezi. Hizi zilitengenezwa kwa risasi za bandia tu. Nyingi zina mtutu laini usio na mifereji, kasha la chuma dhaifu cha kumwaga, na mkia wa kasha ulioungana nalo kuwa kipande kimoja badala ya kuwa kipande cha pekee. Zina nafasi yake katika mkusanyo. Hazina nafasi kwenye uwanja wa shabaha.

Hatua ya nane: kutunza na kuandika

Safisha kwa kitambaa laini na mafuta mepesi, na mbao kwa nta kidogo. Tumia bisibisi yenye upana kamili wa ufa wa skrubu, kwa sababu skrubu iliyochubuka ni ushahidi uliopotea. Usipake chuma rangi upya na usinunue ua jipya la kuchongwa. Anayeishi Mombasa, Zanzibar au mahali popote penye hewa ya chumvi asiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, maana hushika unyevu. Rafu kavu yenye vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, inafaa zaidi.

Piga picha ya ua, ya herufi za aina, ya namba pamoja na alama ya kiwanda, ya chini ya mpini wa bolti, na ya kila kipande chenye tarakimu. Andika tarakimu zote katika ukurasa mmoja, ukionyesha zinazolingana na zisizolingana bila kuficha. Kama kuna hati iliyompa askari ruhusa ya kuichukua bunduki, ihifadhi mbali na mwanga na kuiandikia namba ileile ya bunduki. Kwa zilizoingia Marekani baada ya mwaka 1968, tafuta jina la mwagizaji lililopigwa kwenye mtutu au kwenye kasha: likiwepo, hadithi ya babu aliyerudi nayo kutoka Okinawa haiwezi kuwa kweli, na bei inapaswa kushuka kulingana na hilo kabla hujatoa pesa.